Kura Tatu: Uamuzi wa Tabora wa 1958

Januari 1958 wajumbe wa Tanganyika African National Union, TANU, walikutana Tabora wakiwa na jambo moja zito mezani. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na kanuni zake zilikuwa chungu. Kila mpigakura alitakiwa achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyeacha nafasi moja wazi, karatasi yake ilihesabiwa kuwa imeharibika. Mtindo huo ukajulikana kama kura tatu, na TANU ilikuwa imeulaani hadharani tangu ulipotajwa. Sasa chama kilipaswa kuamua: kiingie katika uchaguzi huo au kiususie?

Habari za uhuru wa Tanganyika aghalabu husimuliwa kuanzia mwisho wake, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza ikiteremshwa Dar es Salaam na mwenge ukiwashwa juu ya Kilimanjaro. Usiku ule ulikuwa wa shangwe tu. Mambo yenyewe yalikuwa yamekwisha kukatwa. Anayetafuta siku ambazo nchi ilisimama njia panda, ikaweza kwenda huku au kule, atazipata Tabora, katika mkutano ambao watu waliogombana kwa maneno makali walikuwa wa chama kimoja na walitaka kitu kimoja.

Kura tatu zilitokana na hali ya pekee ya Tanganyika. Baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, nchi ilikabidhiwa Uingereza chini ya usimamizi wa Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa mkulima wa Sumbawanga au mvuvi wa Kilwa tofauti hiyo haikuonekana: mkuu wa wilaya alikuwa mkuu wa wilaya, na kodi ilikuwa kodi. Lakini katika sheria ilikuwa na uzito. Uingereza iliishika Tanganyika kwa dhamana, ikatakiwa kutoa taarifa kwa Baraza la Udhamini huko New York, kupokea ujumbe wa ukaguzi kila baada ya miaka mitatu, na kuacha wenyeji wapeleke malalamiko yao moja kwa moja. Mlango huo ulikuwa mwembamba, ila ulikuwa mlango, na Kenya haikuwa nao.

Gavana Edward Twining, aliyefika mwaka 1949, alikuwa na dawa yake ya kutuliza mambo. Aliamini kwamba jamii tatu za nchi, Waafrika, Waasia na Wazungu, zigawane viti sawasawa. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipangwa upya: wajumbe 31 wa upande wa serikali, na 30 wa upande wa pili, kumi kwa kila jamii. Kwenye karatasi mgao huo ulionekana wa haki. Sensa ya 1957 iliuvua nguo: Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na nusu, Wazungu walikuwa kama 20,000, na Waasia pamoja na Waarabu hawakuzidi sana laki moja. Kumi kwa kumi kwa kumi, kwa hesabu hiyo, ilikuwa na maana kwamba Mzungu mmoja alipimwa sawa na Waafrika zaidi ya 400.

Chama kilichokuja kupambana na mgao huo hakikuzuka siku moja, wala hakikuanzishwa na mtu mmoja. Mwaka 1929 makarani, walimu na wafanyabiashara wa Dar es Salaam walikuwa wameunda African Association, ambayo kufikia 1948 ilikuwa imejitenga na tawi la Zanzibar ikaitwa Tanganyika African Association, TAA. Kwa miaka mingi ilikuwa jumuiya ya watu waliosoma, yenye vikao vya adabu na barua za heshima kwa serikali. Joto lilitoka mahali pengine.

Lilitoka bandarini kwanza. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukawaka na kufuata njia ya reli hadi bara. Wafanyakazi wa miji ya ndani, ambao hawajapata kubeba hata gunia moja kutoka melini, waliweka zana chini. Makuli walipata nyongeza ya mshahara na chama chao cha wafanyakazi, ambacho kwa muda katibu wake alikuwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa vijana waliokuja kuiamsha TAA. Mwaka 1950 mgomo mwingine uliishia kwa ghasia, na serikali ikakivunja chama hicho. Funzo lake halikuvunjika: watu wa makabila na dini mbalimbali walikuwa wamesimama pamoja wakazungumza Kiswahili na kudai jambo moja.

Joto jingine lilitoka Meru. Mwishoni mwa 1951 serikali iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi hiyo igawanywe kuwa mashamba ya walowezi. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Wameru hawakushika mikuki. Walichangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York mwaka 1952 akiwa na mwanasheria Earle Seaton kutoka Bermuda, na kwa mara ya kwanza Umoja wa Mataifa ukamsikia mwananchi wa Tanganyika akieleza mwenyewe jinsi nchi ya udhamini inavyotunzwa. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo Japhet aliporejea alizunguka akisimulia aliyoyaona, na watu wa mbali na Meru wakaanza kuelewa kwamba shauri la ardhi la jirani ni lao pia.

Vijijini, neno lililowachoma watu zaidi halikuwa katiba bali matuta. Wataalamu wa kilimo wa serikali, wakihofia mmomonyoko wa udongo, waliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya ngazi kwa jasho lao, siku hadi siku, na aliyekaidi alitozwa faini. Usambara walinung'unika. Uluguru walifika mbali zaidi: mwaka 1955 kulitokea ghasia, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mradi ukaachwa. Usukumani kulikuwa na amri za kupunguza ng'ombe na sheria za kilimo cha pamba, lakini kulikuwa pia na ushirika wa wakulima uliojengwa na Paul Bomani na wenzake, ulioweza kupima pamba ya mkulima kwa mizani isiyomwibia. Mkulima aliyeuamini ushirika alikuwa ameshaonja nguvu ya kujikusanya kabla hajasikia jina la TANU.

Tarehe 7 Julai 1954 mkutano wa TAA mjini Dar es Salaam uliibadilisha jumuiya kuwa chama cha siasa. Wanaohesabiwa kuwa waasisi ni 17, na rais wa kwanza akawa Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, aliyerudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 na kuchaguliwa kuiongoza TAA mwaka uliofuata. Nyerere mara nyingi huchorwa kama mwenye mwenge aliyewaamsha waliolala. Ukweli ni kwamba aliwakuta watu macho. Kazi yake kubwa ilikuwa kuyapa malalamiko ya makuli, ya Wameru na ya wachimba matuta lugha moja na dai moja, na kuwashawishi wenye hasira kwamba dai hilo lingepatikana bila kumwaga damu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa waraka wa serikali wa 1953 uliowakataza watumishi wa umma kujiunga na vyama vya siasa. Karibu Waafrika wote waliosoma walikuwa watumishi wa umma. Kwa waraka mmoja TANU ilinyang'anywa makarani, walimu na waganga, yaani watu wale wale waliokuwa wameibeba TAA. Ilibaki na wauza samaki, madereva, mafundi, wenye maduka, wakulima, na akina mama. Serikali ilidhani imekikata chama kichwa, kumbe ilikisukuma kwa watu wengi kuliko kile kichwa.

Habari ya akina mama inastahili nafasi yake. Mwaka 1955 John Hatch, mwanachama wa chama cha Labour cha Uingereza, alipotembelea Dar es Salaam aliuliza wanawake wa TANU wako wapi. Viongozi wa TANU walijikuta hawana jibu la maana. Aliyeletwa kuongoza sehemu ya wanawake alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mjini, Mwislamu, aliyesoma madarasa machache, na mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kwa hotuba. Alianza na vikundi vya ngoma vya wanawake, lelemama na vinginevyo, ambavyo Dar es Salaam ilikuwa navyo mtaa kwa mtaa.

Vikundi hivyo vilikuwa zaidi ya mchezo. Kila kimoja kilikuwa na viongozi wake, sare zake, mweka hazina wake na mahasimu wake. Kilizika, kiliozesha, kilimchangia mwenzao alipofikwa na shida. Wanachama wake walitoka makabila mengi na walifahamiana kwa uso na kwa nyumba. Kiongozi wa kikundi akikubali, kikundi kizima kilikubali. Bibi Titi alikwenda kwa viongozi hao mmoja mmoja, na kwa miezi michache tu alikuwa ameandikisha wanawake wapatao 5,000, wakati ambapo matawi mengi ya wanaume bado yalikuwa yanatafuta chumba cha ofisi. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wengi wao baadaye, alionyesha kwamba wanawake hao hawakufundishwa utaifa na viongozi wasomi. Walikuwa wameuishi tayari katika ngoma na misiba yao, na TANU iliwakuta nao. Mume karani aliyefungwa mdomo na waraka wa 1953 aliweza kuwa na mke mwenye kadi. Akina mama walitembeza kadi, walichangisha, walilaza wageni wa chama, na walijaza viwanja vya mikutano kwa nyimbo na vigelegele kabla msemaji hajapanda jukwaani.

Machi 1955 Nyerere alisafiri kwenda Baraza la Udhamini kwa nauli ya michango. Ujumbe wa ukaguzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka uliotangulia ulikuwa umependekeza kwamba Tanganyika iweze kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, na Uingereza ilikasirika kwamba hata muda umetajwa. Nyerere hakudai uhuru wa kesho. Aliomba itamkwe kwamba nchi hiyo hatimaye itaongozwa hasa na Waafrika, kwa kuwa ndio wengi. Kwa sikio la leo ombi hilo ni la upole mno. Mwaka ule lilikuwa kinyume kabisa cha sera ya Twining. Aliporudi, Nyerere aliacha kazi ya ualimu na kukabidhi maisha yake kwa chama.

Serikali ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kubana: matawi ya TANU yalipigwa marufuku katika wilaya kadhaa, Usukumani kulifungwa kwa miaka, na mwaka 1957 Nyerere mwenyewe alizuiwa kwa muda kuhutubia hadhara. Ya pili ilikuwa kuunga mkono chama mbadala. Februari 1956 ilizaliwa United Tanganyika Party, UTP, yenye Wazungu, Waasia na baadhi ya machifu, ikihubiri mseto wa rangi kwa mtindo wa gavana. UTP ilikuwa na fedha, ilikuwa na watu wenye vyeo, na ilikuwa na ofisi nzuri. Ilichokosa ni watu.

Wakati huo huo vyama vya wafanyakazi vilifufuka. Mwaka 1955 viliungana katika Tanganyika Federation of Labour, na katibu wake mkuu akawa Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali na ambaye watu wengi walimjua kwanza kama mcheza sinema: aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuelimisha umma. Mseto huu wa makuli, wakulima wa pamba, wacheza lelemama na mcheza sinema ndio uliotuma wajumbe Tabora.

Waliofika walizikuta kanuni za uchaguzi mezani, na kura tatu zilikuwa nusu tu ya uchungu wake. Nusu ya pili ilikuwa masharti ya mpigakura. Alitakiwa awe na kiwango cha elimu, au cheo kilichotambuliwa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000. Mkulima wa kawaida hakukaribia fedha hizo, na kuli naye vilevile. Wanawake waliokuwa wameijenga TANU ya Dar es Salaam, wengi wao wauza vitumbua na watengeneza pombe, wasiokuwa na cheti cha shule, walijikuta nje. Nchi nzima waliojiandikisha hawakufika 60,000. Huu ni ukweli ambao hadithi ya uhuru huupita haraka: chama kilichobebwa na watu wasio na kura kiliombwa kishindane mahali ambapo watu hao hawatahesabiwa.

Waliotaka kususia walikuwa na hoja nzito, na si haki kuwachora kama watu wa jazba. Walisema kuingia ni kukubali. Kama TANU itatafuta Mzungu na Mwasia wa kuwaunga mkono, itakuwa imetia saini yake mwenyewe kwenye mgao wa kumi kwa kumi kwa kumi, na Twining atakwenda New York kutangaza kwamba hata wapinzani wake wameuafiki. Wanachama waliofungwa na kutozwa faini kwa ajili ya chama wataambiwa nini? Zaidi ya hayo, kwa nini chama cha Waafrika kimtafutie Mzungu kiti? Zuberi Mtemvu, mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kueneza TANU, aliyasema haya waziwazi, na hakuwa peke yake. Nyerere alifika akijua kwamba anaweza kushindwa.

Hoja ya waliotaka kuingia ilikuwa ya hesabu zaidi kuliko ya moyo. Chukua jimbo lenye wapigakura 1,000, tuseme Waafrika 600, Waasia 300 na Wazungu 100. TANU ikisusa, wale 400, pamoja na Waafrika wachache watakaojitokeza, watachagua wajumbe wote watatu, naye Mwafrika atakayekwenda barazani atakuwa wa UTP. Kwa miaka mingine kadhaa serikali itasema kwamba hao ndio wawakilishi halali wa nchi, na TANU itabaki uwanjani ikipiga kelele. Ikiingia, hali inageuka juu chini. Kwa kuwa kila mpigakura analazimika kuchagua watatu, wale Waafrika 600 watamchagua si Mwafrika tu bali Mwasia na Mzungu pia. Kanuni iliyotungwa ili Mwafrika amhitaji Mzungu ilimfanya Mzungu amhitaji Mwafrika. Hakuna ambaye angepata kiti cha Wazungu bila kura za TANU. Chama kingeweza kuchukua viti vyote 30 badala ya kumi.

Waliotunga sheria hawakuliona hilo, au waliliona wakadhani TANU haitaliona. Nyerere aliliona, na baadhi ya viongozi wa Tanga nao walikuwa wamelipima pamoja naye kabla ya mkutano. Kuliona hakukutosha. Ilibidi kuwashawishi wajumbe waliotoka kwenye matawi yenye hasira, na hotuba aliyoitoa Tabora inakumbukwa na waliokuwapo kuwa miongoni mwa nzito alizowahi kutoa. Kura zilipopigwa, waliotaka kuingia walishinda. Mkutano uliweka sharti la kutuliza nyoyo: serikali ya madaraka isipopatikana haraka, chama kingechukua hatua kali zaidi, zikiwemo migomo. Uamuzi huo ukapewa jina la Uamuzi wa Busara. Mtemvu alijitoa, akaanzisha African National Congress iliyodai Tanganyika ya Waafrika pekee.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kazi ya nyumba kwa nyumba. Waliostahili kujiandikisha walitafutwa mmoja mmoja, na watumishi ambao hawakuruhusiwa kuwa na kadi ya chama hakuna waraka uliowakataza kupiga kura. Upande wa wagombea, TANU iliafikiana na Asian Association na kuwapata Waasia na Wazungu waliokuwa tayari kusimama nayo. Walikuwamo Amir Jamal, Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Lady Marion Chesham, watu ambao jamii zao wenyewe ziliwatazama baadhi yao kwa jicho la pembeni. Katika Tanganyika ya wakati ule, ambapo Mzungu na Mwafrika hawakukaa meza moja hotelini, kumwona mkulima Mzungu jukwaani chini ya bendera ya TANU kulikuwa jambo geni kwa kila aliyetazama.

Katikati ya kampeni Nyerere alifikishwa mahakamani. Makala aliyoandika katika jarida la chama, Sauti ya TANU, ilidaiwa kuwakashifu maafisa wawili wa wilaya. Wakili maarufu kutoka Uingereza, D. N. Pritt, alimtetea pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Agosti 1958 alitiwa hatiani na kupewa chaguo: faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Pauni 150, kama ilivyotokea, ndizo zile zile zilizokuwa kipimo cha kipato cha mpigakura. Wengi walitarajia achague jela, maana jela ilikuwa imewafanya viongozi wa nchi nyingine mashujaa. Alilipa. Uchaguzi ulikuwa wiki chache mbele, na kiongozi aliyefungwa asingeweza kuzuia hasira za mitaani zisiharibu kile kilichopatikana Tabora.

Aliyekuwa Ikulu wakati huo hakuwa tena Twining. Gavana mpya, Richard Turnbull, alifika katikati ya 1958 akitokea Kenya, ambako alikuwa mmoja wa wakuu wa serikali wakati wa Hali ya Hatari. Alikuwa ameona gharama ya kupigana na nchi nzima: maelfu waliouawa, makambi ya kizuizini, mashamba yaliyogeuzwa ngome. Aliitazama Tanganyika, yenye polisi wachache na umbali mkubwa kati ya mji na mji, akaelewa kwamba hangeweza kuitawala kwa nguvu iwapo TANU ingeamua kumgeuka. Alielewa pia kwamba chama kilichokubali kura tatu kinazungumzika.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, nusu ya majimbo Septemba 1958 na nusu Februari 1959. Nyerere alimshinda Patrick Kunambi, mtu wa Uluguru aliyekuwa katika mkutano ule ule wa kuiasisi TANU miaka minne nyuma. Wagombea walioungwa mkono na TANU walichukua viti katika kila jamii, awamu ya kwanza na ya pili. UTP ilisambaratika. Oktoba 1958, hata kabla ya awamu ya pili, Turnbull alilitangazia baraza kwamba mgao sawa wa rangi si lengo tena na kwamba Waafrika ndio watakaokuwa wengi katika serikali ijayo. Kile alichoomba Nyerere New York mwaka 1955 kilitamkwa na gavana mwenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1959 wajumbe waliochaguliwa waliingia katika baraza la mawaziri. Masharti ya mpigakura yalilegezwa, na katika uchaguzi wa Agosti 1960 wenye haki ya kupiga kura walikaribia laki tisa. TANU ilipata viti 70 kati ya 71, vingi bila kupingwa. Septemba 1960 Nyerere akawa Waziri Kiongozi, Mei 1961 ikapatikana serikali ya madaraka, na Desemba mwaka huo huo uhuru kamili. Ile miaka 20 hadi 25 iliyopendekezwa na ujumbe wa Umoja wa Mataifa iligeuka kuwa saba.

Mjadala wa Tabora haukuisha Tabora. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, ulirudi bungeni kwa sura ya muswada wa uraia. Wabunge kadhaa wa TANU walitaka uraia uwe wa Waafrika, wengine wangoje. Nyerere alisimama na kusema kwamba serikali yake itajiuzulu ikiwa uraia utapimwa kwa rangi ya ngozi. Muswada ulipita kama alivyotaka. Lakini wiki sita tu baada ya uhuru, Januari 1962, aliacha uwaziri mkuu na kumwachia Kawawa, akaenda kukiimarisha chama ambacho wanachama wake walikuwa wakiuliza kwa nini ofisi bado zimejaa Wazungu. Mtemvu alisimama kupambana naye katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962, akapata kama asilimia mbili ya kura.

Mito iliyoijaza TANU ilikauka mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi TANU yenyewe ndiyo iliyoikausha. Vyama vya wafanyakazi vilivyodai kubaki huru vilibanwa kwa sheria mwaka 1962. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa, na Tanganyika Federation of Labour ikavunjwa kupisha chama kimoja kilichoshikamana na serikali. Vyama vya ushirika, vile vilivyomfundisha Msukuma nguvu ya kujikusanya, vilivunjwa mwaka 1976. Sehemu ya wanawake iligeuzwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha wa rais mwaka 1972. Miaka ilipita kabla jina lake halijarudi kutajwa waziwazi. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina hilo.

Wanahistoria hawakubaliani kama mwelekeo huo ulikuwa umeshapandwa Tabora. Upo ukweli upande wa wanaosema ndiyo. Chama kilichojizoesha kuchukua viti vyote, vya Waafrika na vya wengine, kilijizoesha pia kuamini kwamba kinasema kwa niaba ya wote, na aliyekipinga alionekana kuipinga nchi. Kwa upande mwingine, wale waliopiga kura Tabora walikuwa wakijibu sheria ambayo hawakuitunga, na njia nyingine iliyokuwapo ilikuwa ya kuikabili serikali ya kikoloni jinsi Kenya ilivyoikabili. Mwaka 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kuwa nchi iwe na chama kimoja, na katiba ya 1965 ikaliweka jambo hilo kisheria, ikiacha wananchi wachague kati ya wagombea wawili wa chama hicho hicho. Mwaka 1977 TANU iliungana na chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar kuwa Chama Cha Mapinduzi, na vyama vingine havikuruhusiwa tena hadi 1992.